Maji Niliyoyachemsha Mwenyewe

Wewe ambaye leo asubuhi umevuta kope la chini mbele ya kioo, ukaona njano pale ambapo jana palikuwa peupe, kaa kidogo tuongee. Usikimbilie bado kuuliza ni nani amekufanyia. Mimi nilikimbilia huko, na njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ugonjwa wenyewe.

Mimi ni mama yake Amisi, wa Alunguli, ng'ambo ya mto ukitoka Kindu mjini. Mume wangu alikwisha kufariki. Amisi, mtoto wangu wa pekee, ni mtu wa reli: majuma matatu yuko njiani, siku nne yuko nyumbani. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu sisi wanawake: mimi, mke wake Feza, na mtoto wao Sakina aliyekuwa bado ananyonya. Feza ni mtu wa Lubutu, mtulivu, ukimwuliza neno anafikiri kwanza. Mimi sifikiri kwanza. Nina mdomo, sikatai, na usafi wangu unajulikana mtaa mzima. Masufuria yangu ungeweza kujitazama ndani yake ukachana nywele.

Hiyo ilikuwa miaka ya Salongo. Kila Jumamosi tulitoka na jembe kufanya kazi ya wote, na kila mtaa ulitakiwa uonyeshe kitu. Wengine walifagia barabara, kesho yake majani yakarudi. Sisi wamama tulichimba bwawa la samaki. Bwana mmoja wa kilimo, abakosti yake, ile suti isiyo na tai, imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe, alikuja kutufundisha. Alisema maji meupe ni maji ya njaa. Samaki anakula rangi. Tutupe samadi, majani ya mihogo, mabaki ya jikoni, mpaka bwawa liwe kijani. Na jinsi ya kupima ni hii: unaingiza mkono hadi kiwiko. Ukiona vidole vyako, bado. Vidole vikipotea, maji yameiva.

Wamama wengine waliogopa nyoka. Mimi niliingiza mkono. Tangu siku ile nikawa mpimaji, kila asubuhi, na wakanipa jina la Mama Kiwiko. Usicheke, nililipenda. Nilikuwa mjane wa kawaida, sasa nikawa mwenye cheo. Niliinama pale kwenye ukingo, jua bado changa, mkono unazama taratibu katika rangi ile, vidole vinafifia kimoja kimoja, na moyoni nasikia raha ambayo sijui niiseme vipi. Ilikuwa kama kusinzia ukiwa macho.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kirefu. Mto ulishuka, mawe yakatokea. Bomba la mtaa likakohoa siku mbili, kisha likanyamaza kabisa. Bwawa nalo likapungua, na rangi yake ikawa nzito, ikapanda juu na kukaa pembeni kama mchuzi wa sombe, yale majani ya mihogo, uliolala. Upepo ukiisukuma inakusanyika upande mmoja. Ilikuwa na harufu ya udongo uliolowa. Mimi nilisimama pale nikamshukuru Mungu kwa neema.

Chemchemi ilikuwa mbali, nyuma ya kilima, na kwenye foleni wanawake walikuwa wakitukanana. Mimi nikasema, kwa nini nihangaike na bwawa liko nyuma ya nyumba? Nikachota, nikachuja kwa kikwembe kilichokunjwa mara nne, nikachemsha mpaka mfuniko unacheza. Si ndivyo tulivyofundishwa zahanati? Maji yakichemka hayana neno. Niliyapoza kwenye mtungi na kuyanywa kwa kujivuna, kikombe baada ya kikombe, na ladha yake ya udongo nikaiita ladha ya afya.

Feza alisimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Mama, unisamehe. Kwetu, maji yenye kulala na iko na rangi hivi, hatukunywaka. Hata mbuzi tunamufukuza."

"Kwenu ni pori," nikamwambia. "Hapa ni mjini. Hii maji imechemka. Imechemka njo imechemka!"

Alichukua bidoni yake akaenda chemchemi, na kila siku akaenda, kwa ajili yake na ya mtoto. Mimi nikawaambia majirani kwamba mkaza mwanangu anapenda kutembea.

Kwanza ulikuja mwasho. Mkono wangu wa kupimia ukatoka vipele hadi pale kwenye kiwiko, mstari umenyooka kana kwamba nimevaa soksi. Nikapaka mafuta ya mawese. Kisha bata wangu watano, waliokuwa wakishinda bwawani, wakafa katika siku mbili, shingo zimelala majini. Nikapiga kelele mtaa mzima kwamba kuna mtu mwenye kijicho. Kisha nikaanza kutapika. Chakula kikawa kinanuka kabla hakijafika. Mkojo ukawa rangi ya kahawa, na siku moja Feza alipokuwa ananipa uji alisita, akanitazama machoni, akaweka kikombe chini.

"Mama, macho yako," akasema, na machozi yakamtoka.

Tulivuka mto kwa mtumbwi, yeye amenishika kiuno. Maji ya kiangazi yalikuwa yametulia, mbingu iko juu na mbingu iko chini, na mimi katikati sikujua tunaelekea wapi. Hapo ndipo usingizi ule ulianza. Wagonjwa wa ini wanaujua. Ni usingizi wa mchana, hauna mlango. Unaongea na mtu, unafumba jicho, umeshafika kwingine, na bado unamsikia yule mtu anaongea.

Kwenye benchi la hospitali tulikaa tangu asubuhi hadi jua likageuka. Ukutani kulikuwa na picha ya Mukubwa wa nchi na kofia yake ya chui, na nilipofumba macho yule chui alishuka akaja kulala miguuni pangu, mzito na mpole. Kando yangu alikaa mchimba madini wa Pangi, mguu umevimba. Alivunja kwanga yake, mkate wa muhogo, akanipa kipande. Sikuweza kula, lakini nilikishika mkononi mchana kutwa na kilinifariji. Nawe ukiwa kwenye benchi, pokea unachopewa hata kama huwezi kukila.

Walinilaza. Wakanitundikia serumu, chupa baada ya chupa, nami nikawa nahesabu siku zangu kwa chupa: siku ya chupa ya tatu, siku ya chupa ya sita. Kwetu mgonjwa analishwa na watu wake, kwa hiyo Feza alivuka kila siku na Sakina mgongoni, ameshika sufuria ya uji na bidoni ndogo ya maji. Maji ya chemchemi, maana mengine hakuwa nayo. Nilikunywa bila kuuliza. Ngozi yangu ilikuwa ya njano na inawasha usiku na mchana. Alikuwa ananikuna mgongo kwa gunzi la muhindi, polepole, mtoto ananyonya, na mimi naelea juu ya uwanja wa kijani usio na mwisho, natembea na sizami. Ilikuwa nzuri, ile ndoto. Ndiyo iliyonitisha baadaye, jinsi ilivyokuwa nzuri.

Kwenye chupa ya tisa nilisikia njaa. Macho yakaanza kurudi meupe. Nikapelekwa nyumbani nikiwa natembea.

Nyumbani nilimkuta dada yangu mkubwa, Mama Zaina, ameshahamia na mkeka wake. Ananipenda dada yangu. Ananipenda kwa hasira. Alifunga mlango wa chumba changu akasema kwa sauti ya chini:

"Weye ni mujinga? Bata walikufa. Weye ulitaka kufa. Nani alikuwa anapika katika hii nyumba? Tokea leo hautakula kitu kwa mukono yake."

Nilitaka kumwambia kwamba yule yule ndiye aliyenipikia hospitalini nikapona. Haki ya Mungu neno lilinifika ulimini. Lakini nilikuwa nimechoka, na ni tamu pia, unapougua, mtu akikuambia kwamba ugonjwa una jina na sura na unalala chumba cha pili. Nikanyamaza. Mama Zaina akaanza kunipikia. Miguu ya kwenda chemchemi hakuwa nayo, na bomba lilikuwa bado kimya, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimemfundisha: chota, chuja, chemsha mpaka mfuniko ucheze. Alifuata kila kitu. Alininywesha kama mtoto.

Siku ya saba njano ikarudi. Safari hii na tumbo. Tumbo lilijaa, miguu ikavimba hadi viatu vya marehemu mume wangu vikanibana, na mikono ikawa inatetemeka nikiinyoosha. Niliita watu kwa majina ya watu wengine.

Wakakaa barazani, mchana kweupe: Mama Zaina, wajomba wawili, Amisi aliyeitwa kutoka njiani, bado ana vumbi la treni. Mimi nililazwa kwenye mkeka katikati. Feza alisimamishwa mbele yetu, mtoto begani.

"Njo yeye," alisema dada yangu. "Tulimuzuiza sufuria, sasa anatumia uchawi kwa mbali."

Amisi alisema hataki maneno hayo. Sauti yake ilikuwa inavunjika. Feza hakumtazama yeye. Alipiga magoti karibu na kichwa changu.

"Mama, sema weye. Nilikupa nini mubaya?"

Sauti zao zilikuwa zinanifikia kutoka ng'ambo, zimelowa. Nilikuwa naona kijani. Lakini nilimsikia, na nilimwelewa, na ugonjwa haukunifunga kinywa kiasi hicho. Mjomba akauliza, "Unamwogopa?" Nikaitikia kwa kichwa.

Basi. Walimpakia kesho yake kwenye lori la wafanyabiashara wa Kivu linalopanda Lubutu, yeye na Sakina. Amisi alirudi kazini bila kuniaga.

Nikavushwa tena mto. Kitanda kile kile, serumu zile zile, lakini safari hii nilikuwa nashuka. Mama Zaina alivuka kila siku na chupa ya thermos imejaa maji aliyoyachemsha nyumbani, kwa sababu maji ya hospitali hakuyaamini. Siku zikakosa kingo. Nilisikia watu wakisoma dua karibu yangu, nikadhani ni kwa ajili ya mwingine.

Katika wodi ile kulikuwa na muuguzi mtu mzima, Sitwayeni Mwavita (Raia, ndivyo tulivyoitana miaka ile), mzaliwa wa milimani Kivu, kwa watu wa ng'ombe. Mwanamke asiyecheka. Asubuhi moja alivuta kiti, kitu ambacho wauguzi hawafanyi, akanipiga piga shavuni hadi nikafungua macho.

"Mama Amisi. Mara ya kwanza ulipanda hapa. Sasa unashuka hapa. Kitanda ni kimoja, dawa ni moja. Nini imebadilika?"

Nikamwambia kwa shida: mkaza mwanangu, amenifanyia kwa mbali, mara ya kwanza ni yeye alikuwa analeta, sasa ni dada...

"Hapana," akanikata. "Sikuulizi nani. Ninakuuliza nini. Unakunywaka maji gani?"

Sikuwahi kuulizwa. Nilimwambia kwa fahari kidogo, hata katika hali ile: maji ya bwawa langu, yamechujwa, yamechemka. Akamtuma Mama Zaina amletee maji mabichi ya bwawa kwenye chupa tupu ya serumu. Dada alinuna lakini alileta. Mwavita aliiweka dirishani mbele yangu, na kufika mchana kijani chote kilikuwa kimepanda juu, kimetengana na maji kama mafuta ya rangi, kizuri ajabu. Nililitazama bwawa langu ndani ya chupa.

"Kwetu ng'ombe wakikunywa hii wakati wa jua, wanalala ukingoni," alisema. "Baba yangu alipoteza saba. Hii kijani inatengeneza sumu."

"Lakini niliichemsha!"

"Weye ni mutu wa mihogo. Muhogo muchungu ukiupika tu bila kuuloweka, uchungu unaisha?"

"Hapana."

"Njo vile. Moto unaua kitu chenye roho. Sumu haina roho."

Nililia hadi shuka likalowa. Mama Zaina alisimama na thermos yake mkononi, hakujua aiweke wapi.

Tangu siku hiyo nilikunywa maji ya mvua peke yake, maana mvua za kwanza zilikuwa zimeanza na hospitali ilikinga kwenye mapipa. Sitasema nilipona haraka. Kumbikumbi waliruka, wakaisha, na mimi bado nimelala. Tumbo lilipungua kwa upana wa vidole viwili kwa juma. Mwavita alikuwa anapima kwa kamba na kufunga fundo. Kucha zilikuwa na mistari. Nywele zilitoka na kichana. Lakini siku moja nilisikia harufu ya samaki mbichi akikaangwa uani na sikutapika, na siku nyingine nilikaa dirishani nikalala usingizi usio na rangi yoyote. Wewe unayengoja, ngoja usingizi huo. Utaujua.

Wakati ule wa uyoga nilirudi Alunguli. Mvua ilikuwa imelijaza bwawa na kulisafisha, samaki wanaruka, watoto wanacheka. Niliwakusanya wamama nikawaambia yote, na mama mmoja akasema, "Kumbe bata!" Wakati wa jua hatuchoti tena pale, hata maji ya kuoshea vyombo. Juma moja baadaye Mama Zaina akaja na bidoni kichwani, kutoka chemchemi, anahema, akaitua mbele yangu na kukaa chini. Ningemlaumu vipi, na mimi ndiye niliyeitikia?

Amisi alipopata siku zake nne alikwenda Lubutu kumleta mke wake. Alirudi peke yake.

"Baba yake anasema, kinywa chenye kusema njo kije," aliniambia, na bado hakunitazama.

Nikaenda. Nilikaa mbele kwenye lori, karibu na dereva, miguu juu ya gunia la chumvi, na msitu ulikuwa unapita pande zote mbili, wa kijani, wa kijani, wa kijani, nikafumba macho njia nzima. Siku tatu, kwa sababu ya matope. Kule walinikalisha kwenye kiti uani, jamaa yote imekuja, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Sakina alikuwa anatembea sasa. Hakunijua.

Nilisema. Nilisema bwawa, nikasema maji, nikasema Feza alinionya na nikamwita mtu wa pori. Mzee baba yake alisikiliza, akasema imetosha, amenipokea. Koo langu lilikuwa limekauka. Mmoja wa wamama akamwambia Feza, mupatie mama mukwe wako maji. Kila mtu akatabasamu, maana ingekuwa ni alama nzuri, mimi kunywa mkononi mwake mbele ya watu.

Feza hakuinuka.

"Hapana," alisema. "Mimi sitamupatia. Akigonjwa njiani, itakuwa mimi tena."

Nami nikaona jambo ambalo katika miezi yote ya kulala sikuliona. Mwavita alikuwa ameniambia wazi kwamba ini langu halitarudi kuwa lile la zamani, kwamba siku moja, karibu au mbali, njano itakuja na haitaondoka. Siku hiyo watu watakaa tena barazani. Na mimi sitakuwepo kuwakatalia.

"Unataka nini, binti yangu?" nikamwuliza.

Alifikiri, kama kawaida yake.

"Andika," alisema. "Wewe ulisoma kwa masista. Ya kinywa inakufa na mwenyewe. Andika, watu wasome. Njo nitarudi."

Ndiyo maana unasoma haya. Nimeyaandika kwenye daftari la shule, kiangazi hiki, nikiwa na nguvu za kukaa kivulini saa mbili kwa siku, na kila nikimaliza ukurasa Feza anauchukua anausoma akiwa amesimama. Mahali pa barazani nilikuwa nimeandika kwamba nilikuwa sijitambui. Alinirudishia. "Mama, ulinisikia," alisema tu, na nikaandika upya.

Kwa hiyo wewe mwenye macho ya njano, nimekuambia ninachokijua: uliza nini kabla ya kuuliza nani. Lakini ukurasa huu wa mwisho si wako. Ni wa dada yangu, wa wajomba, wa mtaa, wa yeyote atakayekaa kwenye baraza langu siku nitakapolazwa katikati na siwezi tena kusema. Ugonjwa wangu nimeuchota mwenyewe na kuuchemsha mwenyewe. Feza, mke wa Amisi, hakunipa kitu chochote kibaya. Asiguswe. Nimeandika kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu zote, na yeye amesimama hapa anasoma kila neno.